Bendi za kopi Mbeya na santuri ya vijana wa Newcastle

Kaa kwenye baa yenye bendi pale Mwanjelwa Jumamosi usiku, koti limefungwa mpaka shingoni kwa baridi ya Julai, utausikia ubishi huu kabla ya seti ya pili. Mzee mmoja anasema bendi zetu zimekufa kwa kopi: rumba ya Wakongo, zilipendwa za Dar, tungo ya Mbeya hata moja hakuna. Mpiga besi anamjibu, "Mzee wangu, wateja ndio wanaomba. Nikipiga ya kwangu, wanainuka kwenda msalani."

Mimi huwakumbuka vijana wa bendi ya The Animals. Walitoka Newcastle, mji wa makaa ya mawe kaskazini mwa Uingereza, mbali na London kama sisi na Dar, ingawa wao hawakuwa na mlima wa Kitonga wa kupanda. Kwao walikuwa bendi ya klabu, wakipiga bluzi na rock 'n' roll za Wamarekani weusi kama John Lee Hooker na Chuck Berry. Kopi tupu. Mei 1964, baada ya kuhamia London, wakarekodi "The House of the Rising Sun", wimbo wa kale wa Marekani ambao mwimbaji Bob Dylan alikuwa ameshauimba. Julai ukashika namba moja Uingereza, Septemba Marekani.

Hapo mzee wetu kafungwa bao. Ila usikilize vizuri. Mpiga gita wao, Hilton Valentine, hakukwaruza nyuzi. Alizivunja kodi, yaani noti zinazopigwa pamoja, noti mojamoja zikizunguka, kisha kinanda cha Alan Price kikapanda taratibu nyuma ya sauti nzito ya Eric Burdon. Kopi ile ilifinyangwa upya. Nyingi ninazosikia hapa Mbeya zinafuata santuri mpaka pale mpiga solo wa zamani alipokosea.

Mzee naye anasawazisha. The Rolling Stones, bendi nyingine ya Uingereza, walianza 1962 na kopi hizohizo, lakini meneja wao, Andrew Loog Oldham, aliwabana wanabendi Mick Jagger na Keith Richards watunge. Mpaka leo wanakula tungo zao. The Animals waliendelea kutegemea nyimbo za watunzi wengine, na 1966 kundi la mwanzo likasambaratika. Kwetu pia, Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz walikuwa bendi ya mkoani, na kilichobaki kwenye kanda za Radio Tanzania ni tungo zao.

Kwa hiyo nakubaliana na mpiga besi kwamba kopi ndiyo inayolipa ugali, na ni darasa. Shida naiona kwingine. Kwenye santuri ya "The House of the Rising Sun" aliandikwa Price peke yake kuwa mpangaji wa muziki. Burdon amesimulia kwamba waliambiwa majina matano hayaenei kwenye lebo. Mirabaha, yaani malipo ya haki ya wimbo, ikaenda kwa mmoja, kinyongo kikabaki kwa wanne.

Jumamosi moja nikiwa pale Mwanjelwa, saa saba usiku, meza zimebaki tano, bendi ikapiga tungo yake yenyewe. Hakuna aliyekwenda msalani. Muuza mishikaki aliacha jiko lake akasogea mlangoni. Walipokuwa wanakunja nyaya nikamuuliza mpiga besi wimbo ule umeandikishwa kwa jina la nani.

Akacheka. "Wa wote, kaka. Tuandikishane ya nini?"