Shaba ya Kisu na Shaba ya Moto

Wapo wanaotaka wanunuzi wa vyuma chakavu Arusha watolewe kabisa kwenye taka za kielektroniki, kazi ibaki kwa viwanda vyenye vibali. Hoja yao ina uzito. Waya huchomwa ili plastiki iungue ibaki shaba, na plastiki hiyo mara nyingi ni PVC, aina yenye klorini. Moshi wake una dioksini, sumu inayokaa ardhini miaka mingi na kuingia hadi kwenye mayai ya kuku wanaodonoa hapo.

Lakini twende kwenye mizani. Mita 100 za waya wa umeme wa nyumba, wa unene wa milimita za mraba 2.5, zina shaba kama kilo 2.2. Ukiuchuna kwa kisu, shaba inatoka inang'aa; ukiuchoma inatoka nyeusi na bei inashuka. Mbona basi watu wanachoma? Kwa sababu waya wa chaja una nyuzi nyembamba kama nywele, na kuchuna kilo moja tu kunakula siku, wakati moto unamaliza kwa dakika. Kumkamata mchomaji hakugusi sababu hiyo. Mnunuzi akiupokea waya huo na ganda lake, akakata uzito wa plastiki kwenye bei na kuupeleka kwenye mashine ya kusaga, kiberiti hakina kazi tena.

Bodi za simu ni habari nyingine, na hapo wanaotetea viwanda wako sahihi. Simu moja ina dhahabu kama miligramu 34. Simu mbovu 100 zina gramu 3.4 tu. Ukiitafuta kwa asidi kwenye beseni, nyingine inabaki humo humo, paladiamu, madini mengine ya thamani, inapotea, na maji yenye madini ya risasi yanaishia mtaroni hadi mto Themi. Vinu vinavyoyatoa madini yote hayo, kama cha Hoboken, Ubelgiji, vinataka mzigo mkubwa. Tena tangu Januari 1, 2025, Mkataba wa Basel, wa kimataifa kuhusu usafirishaji wa taka hatari, unataka taka zote za kielektroniki zivuke mpaka kwa ridhaa ya nchi inayopokea. Unatukinga tusitupiwe kompyuta mbovu, ila makaratasi yake yanamlemea mkusanyaji mdogo.

Kinachoniuma zaidi ni tivi ya chogo. Mkusanyaji anang'oa koili ya shaba shingoni, kioo chenye risasi kinaachwa kimevunjika, maana hakuna anayekinunua. Betri ya simu iliyovimba nayo haina mnunuzi: ncha zake zifunikwe kwa selotepu, ikae kwenye ndoo ya mchanga mkavu, isichokonolewe. Kwa vitu hivi mizani haisaidii. Gharama ya kuvishughulikia ikatwe bandarini, kifaa kikiwa bado kipya.