Neno "Mohr" katika Ukuta wa Neumarkt: Lifunikwe au Lielezwe?

Neumarkt, mtaa mfupi ulio upande wa kulia wa mto Limmat katika mji mkongwe wa Zürich, una jina lenye maana ya "soko jipya", nao umekuwapo tangu karne ya 12. Mnara wa Grimmenturm, wa karne ya 13, ungali umesimama hapo, na katika nyumba namba 27 ndipo alipozaliwa mwandishi Gottfried Keller mwaka 1819. Kabla ya nyumba kupewa namba, kila moja ilijulikana kwa jina lake, na jina la namba 13 ndilo lililoufikisha mtaa huu mahakamani: "Zum Mohrenkopf", yaani "Penye Kichwa cha Mohr". Mohr ni neno la zamani la Kijerumani la kumtaja mtu mweusi.

Mwaka 2021 serikali ya mji, ambayo ndiyo mmiliki wa jengo hilo, ilitangaza kuyafunika maandishi ya jina hilo ukutani pamoja na mengine ya aina hiyo katika mtaa jirani wa Niederdorf, baada ya wakazi weusi kulalamika. Jumuiya ya kulinda urithi wa majengo ilipinga. Mwaka 2023 baraza la rufaa za ujenzi liliipa jumuiya hiyo haki; mwaka uliofuata mahakama ya utawala ikaupa mji ushindi.

Hoja ya mji ni nzito. Mkazi mweusi anayepita hapo kila asubuhi kwenda kazini hakuomba somo la historia. Anachokutana nacho ni mwili wake kugeuzwa pambo la mlango. Tena kufunika si kubomoa, kwa kuwa kifuniko kinaweza kuondolewa.

Hata hivyo, wanaotaka maandishi yabaki wamehukumiwa upesi mno, kana kwamba kila mmoja wao anatetea dharau. Ni kweli kwamba baadhi yao hudai neno hilo halikuwa na ubaya wowote, na hapo siwezi kuwafuata. Lakini hoja yao ya msingi, kwamba ukuta ni ushahidi na kwamba ushahidi huwekewa maelezo badala ya kufichwa, inastahili kusikilizwa hasa na sisi Waafrika.

Mwaka 2020 wanahistoria walioagizwa na mji wenyewe walionyesha kwamba Zürich, kwa fedha za umma zilizowekwa katika hisa za kampuni ya Kiingereza ya South Sea katika karne ya 18, ilishiriki katika kusafirishwa kwa Waafrika 36,494 waliotiwa utumwani. Hesabu hiyo haikukadiriwa kwa maelfu yaliyo kamili: inaishia na wanne, na hao wanne nao walikuwa watu, kila mmoja na mama yake na lugha yake. Uswisi haikuwa na pwani wala koloni, na kwa muda mrefu hilo lilitosha kuwafanya wengi waamini kwamba biashara ile haikuwahusu. Waliohusika waliketi katika mji huu, mbali na bahari, wakipokea faida kwenye karatasi.

Jina la nyumba halikutokana moja kwa moja na hisa hizo, kwa sababu vichwa vya watu weusi vilichorwa kwenye ngao na milango ya Ulaya tangu zama za kati. Lakini katika mtaa huu uliojaa kumbukumbu za mafundi na washairi, maandishi hayo ni miongoni mwa mambo machache yanayoweza kumsimamisha mpita njia na kumfanya aulize mtu mweusi alifikaje hapa. Yakifunikwa bila kingine kuwekwa, aliyeudhika atapata nafuu, na aliyefaidika atapata nafuu kubwa zaidi.

Hivyo naona jumuiya ya urithi ina haki, kwa sharti ambalo kibao kidogo cha kueleza asili ya jina hakiwezi kulitimiza: neno likibaki, chini yake, kwa herufi za ukubwa uleule, iandikwe 36,494.