Ndege Zimevuliwa Pindo

Hebu kaeni barazani mtazame juu. Ndege zinazoshuka Kisauni, uwanja wetu wa Unguja, nyingi nyeupe pe, kama kanzu ya Ijumaa. Mkiani kijipicha, ubavuni jina, basi. Sasa mtu atajuaje hii ya nani mpaka avae miwani?

Kanga ina pindo, mji na jina. Ndege nayo ilikuwa hivyo hivyo, wallahi. Pindo lake ule mstari wa ubavuni uliopita kwenye madirisha toka puani mpaka mkiani, madirisha yasionekane matundu matundu kama chujio la tui. Mwaka 1976 Air France wakaja na nyeupe tupu, michirizi ya bluu na nyekundu mkiani. Wenzao wakaiga, na pindo likaenda zake.

Siku hizi ndege nyingi ni za kukodi, kama viti vya harusi. Mwenye mali anataka akirudishiwa abadilishe mkia na jina tu, ampe mwengine. Nyeupe inamfaa, maana kupaka ndege upya si kupaka chokaa ukuta wa Mji Mkongwe. Rangi ya zamani ibanduliwe kwa dawa au ipigwe msasa. Madirisha na vitundu vya vipimo vya kimo na mwendo vizibwe kwa karatasi na tepu. Ije praima, ile rangi ya msingi, ije nyeupe, kisha kila rangi ya nakshi kwa zamu yake: ipulizwe, ikauke, izibwe, ndipo ifuate nyengine. Rangi za Boeing 747 nzima hufika kilo 250, mifuko mitano ya saruji! Na usukani wa mkiani ukishapakwa sharti usawazishwe tena kwa mizani, maana uzito ukizidi nyuma ya bawaba zake hupiga kitapo hewani mpaka ukakatika. Tepu nayo itolewe yote. Oktoba 1996 ndege ya Aeroperú, shirika la Peru, iliruka na tepu ya waosha ndege juu ya vile vitundu, marubani wasijue kimo wala mwendo, wakafa watu 70. Hapo sina mzaha.

Lakini mkia, bwana, ndio bendera. Afrika Kusini walikuwa na swala anayeruka juu ya rangi ya chungwa; ubaguzi ulipokwisha, mwaka 1997 swala akashushwa, zikapanda rangi za bendera mpya. Mwaka huo huo Waingereza wa British Airways wakaijaza mikia yao michoro ya mataifa mengine. Margaret Thatcher, aliyekuwa waziri mkuu wao, akatoa leso yake akaufunika mkia wa ndege ya mfano kwa hasira. Leso ya mkononi, si ile ya Mombasa, ingawa ile ya Mombasa ingefunika vizuri zaidi. Haukupita muda bendera yao ikarudi.

Na sisi? Toka 1946 Afrika Mashariki iliruka pamoja chini ya simba mmoja, nembo ya shirika la East African Airways. Mwaka 1977 shirika likavunjika kama ndoa, kila mtu na sanduku lake: Kenya wakachukua nyekundu, nyeusi na kijani za bendera yao, Tanzania wakampandisha twiga mkiani.

Twiga! Huku visiwani hana hata mti wa kula. Bluu ya bendera ya Taifa ni ya kwetu, imetoka Zanzibar mwaka 1964, na kwenye ndege ipo; lakini aliyesimama ni mnyama wa bara. Mwaka 2021 tukaletewa Airbus A220 hapa hapa uwanja wa Karume, ikaitwa Zanzibar. Nkasema sasa! Kutazama mkiani: shingo ile ile.

Si wangemweka kima punju? Asili yake Unguja peke yake, mkia anao mrefu, na rangi zake za kupakika: mgongo mwekundu, mabega meusi, tumbo jeupe. Na tumbo wameshalipaka tayari.