Mwajiri wa Tabata

Ningeomba ieleweke tangu mwanzo kwamba mimi si tajiri. Ninaishi Tabata, Dar es Salaam, katika nyumba ya kupanga, ninakwenda kazini nikiwa nimesimama ndani ya daladala na kurudi nikiwa nimesimama vilevile, na mshahara wangu hunifikia ukiwa umekwisha kukatwa na kila mwenye haki ya kukata. Hata hivyo, kwa kuwa mimi na mama watoto tunaondoka nyumbani alfajiri na mtoto bado hawezi kujilea, tulimweka dada wa kazi, na kwa kitendo hicho kimoja Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilinipandisha cheo bila kuniuliza, ikaniweka kundi moja na wenye viwanda vya saruji. Mimi ni mwajiri. Nina mfanyakazi mmoja, idara ya utumishi iko kwenye meza ya kulia chakula, na idara ya uhasibu iko kwenye meza hiyohiyo baada ya uji wa mtoto kufutwa.

Jirani yangu anayo kazi kama hii, lakini yeye amekataa uteuzi. Ukimuuliza kuhusu michango ya dada wake kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, hujibu kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa: "Anakula kwangu, analala kwangu, anaoga kwa sabuni yangu, wanataka nini tena?" Amri ya mishahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 1, 2023, iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri wa kawaida, 120,000 kwa asiyelala hapo, na 250,000 kwa walioajiriwa na wanadiplomasia na wafanyabiashara wakubwa. Sasa, jirani huyu akiwa baa ni mfanyabiashara mkubwa, na meza nzima hulijua jambo hilo kwa sababu hulisema mwenyewe. Lakini ikitajwa amri ile, papo hapo hugeuka kuwa mtu wa kawaida mwenye maisha magumu.

Mimi, kwa bahati mbaya, niliamua kufuata sheria, na nilianza na kodi kwa sababu kodi ndiyo iliyokuwa ikininyima usingizi. Nilisoma viwango vya PAYE, ile kodi inayokatwa kwenye mshahara, usiku, kalamu mkononi, kama mtahiniwa wa kidato cha nne. Nilijifunza kwamba shilingi 270,000 za kwanza kwa mwezi hazitozwi kitu, kwamba kutoka hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8 ya kinachozidi, na kwamba ngazi hupanda hadi asilimia 30 kwa kinachozidi milioni moja. Nilijifunza pia kwamba mchango wa mfanyakazi kwenye mfuko wa hifadhi hutolewa kabla ya kodi kukokotolewa, na kwamba mwajiri anatakiwa kuwasilisha kodi aliyoikata si zaidi ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Nilipokuwa nimeyaelewa haya yote kwa kiwango cha kuweza kumfundisha mtu mwingine, nilichukua mshahara wa dada, ambao ni shilingi 150,000, nikauweka kwenye jedwali, na jibu likatoka sifuri. Hata ningempa laki tatu kamili, zingetoka elfu thelathini za mfuko, ingebaki 270,000, na jibu lingekuwa sifuri lilelile. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi nayo haikunigusa, kwa kuwa hudaiwa mwajiri mwenye wafanyakazi kumi au zaidi. Kumi! Nyumba yenyewe ina vyumba viwili, na mmoja wa wanaolala humo ni jiko la gesi.

Basi kodi haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa NSSF, mfuko wenyewe wa hifadhi ya jamii, ambako mchango ni asilimia 20 ya mshahara, kumi yangu na kumi yake, na tatizo halikuwa kwa mfuko bali sebuleni kwangu. Nilimwita dada, nikamkalisha, nikamweleza kwa upole kwamba kuanzia mwezi huo ningemkata shilingi 15,000, nami ningeongeza 15,000 zangu, kwa ajili ya uzee wake. Dada ana umri wa miaka ishirini na mbili. Alinitazama kwa muda mrefu.

"Baba," alisema, "nimekosea nini?"

Nilimwambia hakuna alichokosea. Aliuliza kama ni kile kikombe. Nilimwambia sikuwa na habari ya kikombe chochote, ndipo nikaipata habari ya kikombe. Tuliporudi kwenye ajenda, aliuliza kama huo mfuko ni ule wa kikokotoo, yaani ile kanuni ya kukokotoa mafao ya wastaafu, ambao walimu wanaulalamikia redioni kila siku. Nilijaribu kumweleza kwamba watumishi wa umma wana mfuko wao mwingine, PSSSF, lakini niliona usoni mwake kwamba ninazidi kujiharibia. Neno kikokotoo likishaingia katika kikao, kikao hicho kimekwisha.

Mama watoto, aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni, ndiye aliyetoa uamuzi: dada asikatwe hata senti, mia na hamsini yake aione yote mkononi, na hizo hesabu nyingine nijue mwenyewe. Mtu asiyewahi kuwa mwajiri atadhani kwamba hapo ninaongeza 15,000 tu na shughuli inaisha. La hasha. Nikimwongezea mshahara ili makato yasimguse, makato nayo yanapanda, kwa sababu ni asilimia ya mshahara mpya. Kwa hiyo ili dada ashike 150,000, mshahara wake kwenye karatasi lazima uwe 166,667, akatwe 16,667, nami niongeze 16,667 nyingine. Juu yake inakuja asilimia 0.5 ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambayo ni ya mwajiri peke yake na ni marufuku kumkata mfanyakazi, yaani shilingi 833, endapo ataungua na maharage au atang'atwa na mwanangu, jambo ambalo kwa kweli limekwisha kutokea. Jumla ni 184,167, zinazotoka kwenye mshahara ambao tayari umekatwa kodi, na hakuna mahali popote ninapoweza kuandika kwamba bila dada huyu mimi nisingeweza kwenda kuutafuta.

Usajili sitausimulia wote. Itoshe kusema kwamba jina alilotutajia dalali, ambalo nyumba nzima imelizoea na mtoto amejifunza kulitamka kabla ya lile la baba yake, silo lililoandikwa kwenye kitambulisho cha taifa.

Kinachonichosha zaidi ni muda. Ili mwanachama apate pensheni ya uzee kutoka mfuko huo anatakiwa awe amechangia miezi 180, ambayo ni miaka kumi na mitano, na Dar es Salaam dada wa kazi anayefika Pasaka ya pili kwenye nyumba ileile husimuliwa mitaa mitatu mbali. Wengine huenda kusalimia mwezi wa Desemba, unawasindikiza mpaka stendi ya Magufuli kule Mbezi, unawalipia nauli ya kwenda na kurudi, na Januari simu inapokelewa na mjomba. Ni kweli kwamba namba ya uanachama ni ya dada mwenyewe na ataondoka nayo, na mwajiri anayefuata anatakiwa kuendelea pale nilipoishia. Lakini mwajiri anayefuata, nikiitazama hali ilivyo, ni jirani yangu.

Nilimchapia pia mkataba, kwa kuwa sheria inataka maelezo ya kazi yawe kwa maandishi. Niliuandika kwa fahari kidogo, nikiweka saa 45 kwa wiki, siku moja ya mapumziko, na likizo ya siku 28 kwa mwaka yenye malipo. Mama watoto aliusoma kabla ya dada, akafika kwenye saa 45, akauliza mkataba wake yeye uko wapi na mchango wake unapelekwa mfuko gani. Kipengele hicho hatujakijadili tena.

Dada yeye aliusoma wote, kwa makini kuliko nilivyotarajia. Wiki iliyopita nilikuta juu ya meza ya utumishi karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mtoto, imeandikwa kwa mkono mzuri, ina tarehe, ina "Yah: Maombi ya Likizo ya Mwaka," inaomba siku 28 kuanzia Desemba 10 pamoja na malipo yake kwa mujibu wa mkataba, na chini kabisa imeandikwa: Nakala kwa Mama. Nimeuliza. Mama amekwisha kuidhinisha.