Najiuzulu Taifa Stars

Ukocha basi. Nimejiuzulu leo saa nne asubuhi hapa hapa Mwanjelwa, Mbeya, kati ya mashine ya fotokopi na ndoo ya parachichi ya mama wa jirani.

Umeme ulikuwepo, mteja hakuna, na baridi ya mwezi wa saba mnaijua. Nikafungua Football Manager, lile gemu la ukocha, kwenye kompyuta ya tajiri, nipange mfumo. Timu ya taifa si klabu, hununui mtu. Unapika kilichomo kabatini. Nikaweka 4-3-3. Samatta katikati, kiduara cha kijani, maana yake hapo anapaweza. Msuva pembeni, kijani. Nikambandika winga mwingine beki wa kushoto, kikawa chekundu kama macho ya mlinzi wa usiku.

Akaingia mzee na cheti cha kuzaliwa. Nakala moja, shilingi mia. Nikamtolea. Hakuondoka. Akavaa miwani.

"Huyo mbele mbona yuko peke yake? Kafiwa?"

"Ni mfumo, mzee wangu."

"Mfumo! Mwaka 1979 Peter Tino alifunga kule Ndola, Zambia wakabaki kwao, sisi tukaenda Kombe la Afrika kule Lagos. Kompyuta ilikuwa wapi?"

Nikajibu nini? Nikabadili, 4-4-2, ili aende zake. Ndiyo kwanza akavuta stuli.

"Ukishafunga, rudisha watu nyuma. Ile ya 2024 kule Ivory Coast, Msuva kafunga mapema, Zambia wako kumi, Kabwe katolewa nje, bado dakika ya 88 Daka anasawazisha!"

Dereva bajaji aliyekuwa anachaji simu akaruka. "Kule Kabwe wanatoa watu? Trafiki wapo?"

"Kabwe mchezaji."

"Nina abiria wa Kabwe mimi!" Akang'oa chaja, ya kwangu, akakimbia nayo.

Mama wa parachichi naye, bila kugeuka: "Wapange wote nyuma, kelele ziishe." Nikajaribu. Watano nyuma, wanne mbele yao. Viduara vyekundu vikazidi, mzee akaguna kama aliyetukanwa ukoo. Akaja binti wa CV, naye akauliza Fei Toto yuko wapi. Dada, CV! Umekuja kwa CV!

Jamani, nchi nzima makocha, na mtu wa kunirudishia chaja hakuna. Nikasema sasa napanga ninavyotaka mimi, 3-5-2, atakayenuna anune. Nikamshika Samatta kwa mausi, namvuta taratibu, hajafika.

Umeme ukakata.

Sijasevu. Mzee akainua nakala yake mlangoni kwenye mwanga, akasema imefifia, hailipi. Ni kweli imefifia, wino umekwisha tangu juzi, na tajiri ukimtajia wino anaanza kukuuliza habari za kwenu Tukuyu, mvua, ndizi, bibi hajambo. Bibi hajambo. Wino je?