Mwacheni Bingwa Akimbie

Nimesoma tena habari ileile: farasi wa mbio za vigari (farasi hukokota kigari chepesi chenye dereva) huko Marekani, umri miaka 3, kashinda karibu kila mbio aliyoingia, na wenyewe wametangaza kwamba hatakimbia tena. Anapelekwa shambani kuwa dume la mbegu. Watu wakamiminika kupongeza. Mimi nilikasirika, na hasira yangu ina jina: Cardigan Bay.

Huyu ni farasi aliyezaliwa New Zealand mwaka 1956, akahasiwa. Hapakuwa na mtu wa kuuza watoto wake, kwa hiyo thamani yake yote ilikuwa kwenye miguu yake. Ndiyo maana dunia ilibahatika kumwona akikimbia mpaka utu uzima.

Mwaka 1962, akiwa Perth, Australia, alipata ajali akaumia nyonga vibaya sana. Alipona, lakini nyonga moja ilibaki imeshuka. Anayezijua mbio hizi anaelewa uzito wa jambo hilo. Farasi wa aina yake hupeleka mbele miguu ya upande mmoja kwa pamoja, kisha ya upande wa pili, na haruhusiwi kwenda shoti. Akipotea tu mwendo, dereva lazima avute hatamu mpaka arudi sawa, na wenzake wanazidi kuyoyoma. Mwendo huo unaanzia nyongani. Sasa mfikirie farasi aliyepinda hapohapo, anapita kona kwa kasi, kigari nyuma yake, na hatua haiharibiki! Mwaka 1963, Peter Wolfenden akiwa na hatamu, alishinda Kombe la New Zealand, tena kwa utaratibu wa wakati huo ambao aliye bora alianzia nyuma ya wengine.

Mwaka 1964 Wamarekani wakamnunua kwa dola 100,000. Wakati huo alishakuwa mzee kwa hesabu za leo.

Halafu ikaja 1966, uwanja wa Yonkers, New York. Mbele yake alikuwepo Bret Hanover, kijana wa miaka 4, farasi aliyetikisa Marekani nzima. Cardigan Bay, akiendeshwa na Stanley Dancer, akamshinda. Ni kweli, waliporudiana Bret Hanover alilipa kisasi. Lakini angalia kilichofuata: Bret Hanover aliondolewa uwanjani mwaka huohuo akiwa na ushindi 62 katika mbio 68, akapelekwa kwenye mbegu. Yule wa nyonga mbovu akaendelea kufanya kazi. Septemba 1968, huko Freehold, New Jersey, akawa farasi wa kwanza wa mbio za vigari kufikisha dola milioni moja za zawadi. Alikuwa na miaka 12. Walimpandisha hadi kwenye jukwaa la kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan, na mwaka 1970 New Zealand ikamtolea stempu.

Najua hoja ya wenye farasi. Mguu ukivunjika uwanjani, mamilioni ya mbegu yanapotea kwa dakika moja. Sawa, fedha ni yao. Na kama mtu ataniuliza iwapo ilikuwa haki kumkimbiza mnyama mwenye nyonga ile miaka yote hiyo, swali hilo ni zito na nalipokea.

Lakini msiniambie kwamba miaka 3 inatosha kumjua bingwa. Niatross, farasi wa Marekani, alikuwa wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika 1 na sekunde 50, mwaka 1980. Alikuwa na miaka 3, na msimu huo ukawa wa mwisho wake. Je, akiwa na miaka 6 angefika wapi? Tumenyimwa jibu sote, hata waliomlea. Wafaransa wao walimwacha farasi wao Ourasi aendelee, akachukua Prix d'Amérique, mbio yao kubwa ya vigari, mara ya nne mwaka 1990 akiwa na miaka 10, na kwenye uwanja wake wa Vincennes, Paris, mpaka leo wanamtaja kwa heshima.

Waandaaji wa Marekani wana uwezo wa kulibadilisha hili. Zawadi nono kabisa wamezirundika kwenye mbio za farasi wa miaka 2 na 3. Wahamishie nusu ya fedha hizo kwa wenye miaka 5 na kuendelea, wenye mali watafanya hesabu zao upya.