Gita la besi lililonipita kwa elfu hamsini

Agosti 2017 nilikaa kwenye kochi la mzee mmoja Mwananyamala, Dar es Salaam, mfukoni nina laki saba, mbele yangu kuna gita la besi ambalo nilikuwa nikilitamani tangu vidole vyangu vijue kushika nyuzi. Nikatoka mikono mitupu. Sijanunua lingine mpaka leo, na kila Jumapili nikivaa gita la kanisa namkumbuka yule mzee.

Fedha yenyewe ilikuwa ya mchezo. Ofisini tulikuwa watu kumi na wanne, kila mmoja anatoa elfu hamsini kwa mwezi, na mwezi ule zamu ikawa yangu. Mwenzangu anayepiga kinanda alishaniambia habari za mzee huyo: amepiga besi kwenye bendi za dansi ujana wake wote, sasa mgongo unamsumbua, hawezi tena kusimama na chombo begani, anauza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pita ndani. Unapigia wapi?"

"Kanisani, Tabata."

"Gita la nani?"

"La kanisa."

Akatikisa kichwa taratibu, akaingia chumbani, akarudi nalo.

Lilikuwa Yamaha, ukoo wa BB, ule ambao Wajapani walianza kuutoa mwaka 1977. Mbao zake zilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Pale alipokuwa akiegemeza kidole gumba, vanishi ilishalika yote, mti umebaki mweupe na laini kama mpini wa jembe la miaka mingi. Mkanda wake haukuwa wa dukani. Ulikuwa mkanda wa kiti cha gari, ule mweusi mpana, umeshonwa na fundi viatu kwa uzi mweupe nene, mishono miwili kila upande. Mzee akalichomeka kwenye spika yake ndogo, akakaza uzi wa tatu, akatega sikio, akakaza tena kidogo sana. Kisha akapiga.

Ng'ambo ya sebule kulikuwa na kabati la vyombo. Alipofika uzi wa nne, ule mnene kuliko yote, glasi zikaanza kulia mle kabatini, kila glasi na sauti yake. Bibi akachungulia kutoka jikoni, akamwangalia mumewe, akatabasamu, akarudi kwenye sufuria zake. Nikajua hilo ni jambo ambalo nyumba ile imelizoea.

Uzi huo wa nne, ukipigwa wazi, hutikisika kama mara 41 kwa sekunde. Spika ya simu haiwezi kuitoa sauti hiyo. Watu wengi hapa mjini siku hizi wanasikiliza muziki kwa simu, kwa hiyo wimbo wanaoufahamu ni nusu. Siku wakipanda daladala yenye spika kubwa chini ya siti wanasema wimbo umenoga, lakini hawawezi kusema ni kitu gani kimeongezeka. Ni besi. Chukua rekodi za bendi za dansi, Sikinde au Msondo, za miaka ya 1980, zile zilizorekodiwa Radio Tanzania, uzisikilize kwenye spika inayojiheshimu. Magita ya solo na second solo yanajibizana, rizimu inashona katikati, na besi haijazi kila nafasi. Inagusa, inaacha, inakaa kimya pale ulipodhani itaingia, halafu inarudi na kiuno chako kinajua kabla ya kichwa. Mzee alikuwa anapiga hivyo, amekaa kwenye kochi, macho ameyafumba.

Akanipa nilishike. Shingo ilikuwa imenyooka kama rula. Anayeishi Dar anaelewa uzito wa maneno hayo: kwa joto letu la unyevu na upepo wa chumvi, nyuzi hushika kutu haraka na shingo za magita hupinda, hasa yale yanayofungiwa stoo. Hili lilikuwa limetunzwa na mtu, miaka yote, kitandani mwake karibu na ukuta wa ndani. Nilipiga mstari mmoja tu ninaoujua vizuri. Sauti ikatoka nzito na safi, kila noti imekaa mahali pake. Sijawahi kujisikia vile kwenye gita la kanisa.

Tukafika kwenye bei. Akasema laki sita na nusu. Nikasema laki tano. Akasema, "Laki sita, mwanangu. Hamsini nimekuondolea kwa sababu unapiga." Nikasema laki tano na nusu. Akanyamaza, akawa anakunja mkanda juu ya goti lake. Nikasema, "Basi mzee, nitarudi Jumamosi tuongee."

Nilikuwa na laki saba mfukoni. Hesabu niliyopiga kichwani ilikuwa hii: hapa mjini nani mwingine atakuja kununua besi kuukuu? Akikaa nalo wiki moja atashuka.

Jumamosi nilirudi na laki sita kamili, nimezihesabu mara mbili. Spika ilikuwepo. Mzee akanikaribisha vizuri kabisa, akaagiza chai, ndipo akaniambia: "Limekwenda Dodoma, Alhamisi. Alikuja bwana mmoja, hakuuliza bei mara mbili."

Nimefikiria sana kosa langu liko wapi, na siamini liko kwenye uzembe au uoga. Liko kwenye mazoea. Sisi tumekulia Kariakoo na Mchikichini. Kuomba kupunguziwa ni sehemu ya salamu. Usipoomba, muuzaji mwenyewe anakushangaa. Na mazoea hayo yana maana yake pale ambapo kuna lundo. Kiatu cha mtumba ukikataliwa bei, meza ya jirani kuna kinachofanana nacho, na ukiondoka hatua tano utaitwa. Lakini chombo cha muziki kilichokwisha kupigwa na mtu miaka ishirini na tano hakina meza ya jirani. Yale mawili unayoyapima hayafanani. Elfu hamsini ipo, itakuja tena mwezi ujao na mwezi unaofuata. Gita lile liko moja.

Na ile fedha? Hapa ndipo panaponiuma kuliko pote. Haikununua kitu. Laki moja nilitoa mchango wa harusi, kadi ya watu wawili, ya mtu tuliyekuwa naye ofisi moja na ambaye leo sina hata namba yake. Nyingine ilitengeneza kioo cha simu, na simu yenyewe ilishaibwa. Iliyobaki ilikwenda hivi na hivi, elfu tano elfu kumi, mpaka Oktoba ikawa imekwisha. Kama ingekwenda kwenye matibabu au ada ya mtoto ningekaa kimya na kushukuru. Haikwenda huko. Niliilinda fedha dhidi ya kitu nilichokipenda, halafu nikaiacha iliwe na vitu ambavyo sikuvipenda wala sivikumbuki.

Watu wananiambia, "Utapata lingine, maduka yamejaa." Nimeingia kwenye maduka hayo. Kuna magita mapya mazuri yenye bei ya kiwanja cha nje ya mji, na kuna ya bei yangu, ambayo nyuzi zimekaa juu mno kutoka kwenye shingo hadi mkono unauma ndani ya nyimbo mbili, na uzi wa nne ukiupiga unasikia mlio wa waya kuliko noti. Siwalaumu wauza maduka. Wanaleta kinachouzika, na besi si kitu kinachouzika sana. Kijana akiamua kununua chombo ananunua kinanda, maana kinanda kimoja kina kila kitu ndani yake, hata besi ya kubonyeza.

Kuna jambo mzee alinieleza siku ile ya chai ambalo sikulipa uzito, na sasa nalifikiria kila mara. Alisema alitoka bendi tatu, na kila alipotoka alitoka na mashati yake tu.

Anayejua muziki wa dansi atamwelewa. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 na ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Ikabadilika jina kufuata mabadiliko ya chama hicho, Juwata, kisha OTTU, mpaka tukaijua kama Msondo Ngoma. Mlimani Park, ndiyo Sikinde, ilianza 1978, ikaja kuwa mali ya DDC, shirika la maendeleo la jiji. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, anapokea mshahara, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Ulikuwa mpango mzuri kwa namna yake, na bila mpango huo tusingekuwa na muziki ule, kwa sababu gita lilikuwa likiagizwa nje na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Lakini mtu angeweza kupiga besi miaka kumi, mji mzima ukacheza kwa vidole vyake, na siku akigombana na uongozi akarudi nyumbani hana hata uzi mmoja wa kufanyia mazoezi.

Mmarekani aitwaye Leo Fender alipotoa besi yake ya umeme kule California mwaka 1951, aliibadilisha besi kutoka lile dude la kusimama lenye ukubwa wa kabati ikawa kitu cha kuvaa begani na kupanda nacho basi. Chombo cha mtu mmoja, cha kwenda nacho. Kwetu kilikaa miaka mingi kikiwa cha ofisi. Mzee alilipata lake mwanzoni mwa miaka ya tisini kwa baharia, akalilipa kwa awamu tatu, na tangu siku hiyo, alisema, hakuna kiongozi wa bendi aliyempandishia sauti. Ndiyo maana hakushuka bei. Alikuwa anauza kitu kilichomfanya awe mtu wa kuombwa. Mimi nikakiwekea bei kama kiatu.

Nami leo niko pale pale alipokuwa yeye kabla ya baharia. Gita la kanisa linakaa stoo, ufunguo anao katibu. Nalishika Ijumaa kwenye mazoezi na Jumapili kwenye ibada. Wimbo ukinijia Jumanne usiku naupiga kwenye ukingo wa meza. Mwaka juzi nilipigiwa simu na kiongozi wa bendi inayopiga kwenye hoteli moja ya ufukweni. Mpiga besi wao alikuwa anaumwa.

"Tumesikia unapiga vizuri, kaka. Una gita lako?"

"Sina."

"Haya, tutakupigia."

Imetokea mara tatu, watu tofauti, maneno yale yale. Mke wangu husema gita haliliwi, na ana haki ya kusema hivyo, maana yeye ndiye anayepanga chakula cha nyumba yetu. Lakini nilipomweleza simu zile tatu alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza lile la Mwananyamala lilikuwa shilingi ngapi. Sikuwahi kumwambia. Nilipotaja ile elfu hamsini aliniangalia kwa huruma, na nadhani ningependa zaidi angenigombeza.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na nauandika kwa ajili ya vijana wanaopiga makanisani na kwenye bendi za mtaani. Kijana akinunua pikipiki ya mkopo, ukoo mzima unampongeza kwamba amejiajiri. Akinunua gita kwa fedha taslimu, anaitwa mpenda starehe. Sikubaliani na hesabu hiyo. Kama mikono yako tayari inajua kazi, chombo chako mwenyewe ndiyo kazi yako. Kikitokea mbele yako kilicho kizima, na fedha unayo, na hakuna mgonjwa nyumbani, kinunue siku hiyo hiyo kwa bei iliyotajwa.

Nimeanza tena kuweka. Nina laki mbili na arobaini kwenye kibubu, na mke wangu ndiye anayetunza ufunguo. Mwezi uliopita nilikwenda kumjulia hali mzee. Vidole vyake vimevimba kwenye maungio, lakini wakati tunaongea vilikuwa vinatembea juu ya mkono wa kochi, na mimi nilikuwa naujua mstari aliokuwa anaupiga. Nilipoaga akaingia chumbani akatoka na mkanda ule mweusi wa kiti cha gari. Yule bwana wa Dodoma alikuja na mkanda wake mpya wa ngozi, huu akauacha.

Kama uko Dodoma na unapiga au unasali mahali penye Yamaha ya kahawia, vanishi imeisha mahali pa gumba, tafadhali niandikie. Wakitaka kuliuza wataje bei wanayotaka. Mkanda wake ninao mimi.